Sura ya Tisa: Ruhusa ya Kufuta

Inspekta Octave aliposhuka kwenye pikipiki mbele ya biro ya polisi ya Kasongo, miguu ilishuka, mgongo ukabaki juu. Siku mbili kutoka Kabambare, matope mpaka ndani ya masikio, na mara nne ni yeye aliyeibeba pikipiki badala ya pikipiki kumbeba yeye. Aliangalia saa. Alhamisi, saa tatu na robo asubuhi. Mshtakiwa, Émérance, alitiwa kasho, mahabusu ya kituo, Jumanne saa nane mchana, na sheria inampa polisi saa arobaini na nane, haiongezi hata dakika. Ulibaki muda wa kupika sombe, majani ya muhogo, mara mbili, wa kuila haupo.

"Ikifika saa nane, kamyo ya Kindu inamubeba gerezani," alisema komanda wa kituo, akitafuna karanga. "Waendesha mashtaka wa parke wamekubali. Inabaki sahihi yako tu."

"Na kama si yeye?"

"Utaje mwingine. Mutu amekufa, Inspekta. Hatuwezi kupeleka karatasi tupu."

Maishani mwake Octave alikuwa ametia sahihi ya kupeleka watu wawili Kindu. Mmoja alirudi. Wa pili bado anangoja faili lake, na faili lilianguka mtoni na gunia la mchele, miaka minne sasa.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi, ndiyo maana ilimchosha. Chama cha waendesha pikipiki wa njia ya Kasongo, Kabambare mpaka Salamabila kina seva yake, mashine ndogo ya kupokea na kugawa ujumbe, inayokula jua kwenye paa la biro ya chama. Humo mna grupu moja kubwa, inaitwa Njia. Zamani kila mtu aliandika humo. Ukitafuta habari ya daraja, unakuta salamu za asubuhi, maua, aya, zaburi, na mtu anauza mbuzi. Basi chama kikafunga: watu mia nne wasome, wachache tu waandike. Na kila tangazo linatoka kwa jina la grupu, halionyeshi mwandishi.

Jumatatu asubuhi tangazo likatoka: *Daraja la Mulongoi limekwisha kutengenezwa. Piteni bila wasiwasi.*

Saa tatu Ramazani, mwendesha pikipiki, akapita bila wasiwasi. Nyonga yake sasa imefungwa kwa mbao hospitalini Kabambare. Abiria wake, mwalimu Rachelle, walimkuta amekufa, mita mia mbili kule mto unakoelekea, begi la madaftari bado begani. Octave alikuwa amesimama juu ya hilo daraja kwa miguu yake. Magogo mawili ya zamani, katikati shimo. Ubao mpya hakuna hata mmoja.

*

Émérance alikuwa amekaa juu ya kidumu kilichogeuzwa. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kikwembe kimefungwa vizuri, kama anayengoja zamu yake kwa dispensari. Ndiye aliyeilea ile seva tangu siku ya kwanza.

"Uliandika?"

"Hapana, Inspekta."

"Ni nani wanaweza kuandika kwenye ile grupu?"

"Walio hai? Watatu. Rais Djamali, Atumani wa daraja, na mimi."

"Atumani nilimuona. Telefone yake iko kwa fundi, vipande ndani ya sahani, wiki mbili. Munabaki wawili."

"Tunabaki wawili, na mwenzangu alikimbia kushtaki." Alitabasamu kidogo, bila nguvu. "Anayetangulia kulia njo watu wanamupa pole."

Octave alifungua daftari. Karatasi zilikuwa zimegandana kwa mvua. "Hapa wameandika: mushtakiwa anakubali alibadilisha mashine siku moja mbele ya ajali. Ni kweli?"

"Ni kweli. Nilisema ili wanisaidie. Wakaiandika ili wanifunge."

"Ulibadilisha nini?"

Émérance alishusha pumzi. Ilionekana ameshalieleza hilo mara nyingi kwa watu waliokuwa wakiangalia pembeni.

"Ile programu ya zamani ilijua vyeo viwili tu, mufalme na abiria. Ukiwa abiria, unasoma. Ukiwa mufalme, unaandika, unafuta ya wengine, unaingiza watu, unafukuza, na hakuna mwenye kujua ni mufalme gani amefanya. Mara tatu nilimuomba Rais tuweke programu mupya. Anasema, mashine inatembea, usiiguse. Jumapili jua lilikuwa zuri, batri imejaa. Nikaigusa."

"Na mupya inafanya nini?"

"Inakata ruhusa vipande. Kuandika ni kipande kimoja, kufuta ni kingine, kuingiza watu ni kingine. Wote walioandikaka niliwaachia kuandika. Kufuta nikabaki nayo peke yangu, mpaka mukutano wa Jumatano useme. Na kila kitu mutu anafanya, rejista inaandika jina la akaunti yake na saa. Jumatano yenyewe ilinikuta humu."

"Kwa hiyo mashine inamujua mwandishi."

"Inamujua tangu Jumatatu asubuhi, Inspekta. Hakuna mutu ameiuliza."

"Komanda alisema mashine iko kwenye stoo, imetiwa lakiri."

"Alichukua ekrani. Ile kubwa, inang'aa, njo alifikiri ni mashine. Mashine iko chini ya meza, kama sanduku ya sabuni. Waliiruka waliposhika ekrani."

Octave alifunga macho. Kwa sekunde mbili alilala kabisa, amesimama. "Umeliona lile tangazo saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu. Nyumbani kwangu mutandao haufike. Niliamini, kama wote. Kila Jumatatu asubuhi habari ya njia inatoka, nafikiri ni Rais anaandika. Saa nne kasoro nikasikia watu wanalia, nikaandika: simameni, daraja bado." Alimwangalia kwa mara ya kwanza. "Niliwafundisha kuamini ile grupu. Kosa langu ni hilo. Lakini mukono haukuwa wangu."

*

Djamali, rais wa chama, alimpokea dukani kwake na chai ya tangawizi. Mtu mpole, kanzu safi, familia yao iko Kasongo tangu babu wa mababu. Duka lilikuwa na baraza mpya. Mbao bado zinanukia msitu, zinatoa utomvu kwenye misumari. Octave alikaa juu yake kwa shukrani. Mgongo ulipoegemea ubao, alitamani kesi iishe hapo hapo.

"Mimi sina chuki na yule dada," alisema Djamali. "Lakini jiulize. Mashine inatembea miaka sita bila kuua mutu. Anaigusa Jumapili. Jumatatu mutu anakufa."

"Wewe ulikuwa wapi Jumatatu asubuhi?"

"Kitandani, na homa. Tangazo nililiona saa tatu, mambo yamekwisha kuharibika."

"Na yale matangazo mengine ya kila Jumatatu, ni wewe unaandika?"

"Mimi? Na haya macho? Zamani alikuwa katibu wetu, Mzee Mahamudu, Mungu amurehemu. Tangu tumuzike ni Émérance anaandikaka."

"Amezikwa lini?"

"Leo siku ya thelathini na saba. Jumapili ni arobaini. Wageni watatoka mpaka Lusangi." Djamali alimjazia kikombe. "Kunywa, Inspekta. Unaonekana kama wewe njo ulianguka mutoni."

Octave alikunywa. Alikuwa ameshafika njia panda, buti zinafyonza tope, ndipo kitu kikamgonga kichwani, polepole, kama mtu anayebisha mlango huku anaogopa kuamsha wenyeji. Émérance anafikiri ni Djamali anayeandika. Djamali anafikiri ni Émérance. Katibu amezikwa wiki tano, na kila Jumatatu habari ya njia inatoka.

Na lile neno la Émérance: *walio hai?*

*

Sanduku la sabuni lilikuwa chini ya meza ya biro ya chama kweli, taa yake ya kijani inapepesa, na kuku ametagia nyuma yake kwa sababu ya joto. Ekrani yake isingetoka stoo ya polisi bila barua tatu. Octave akaenda kwa jirani, Dady, mwenye kibanda cha kuonyesha mpira, akaomba televisheni.

"Inspekta, saa nane iko mechi!"

"Saa nane na mimi niko na mechi. Beba."

Walibeba pamoja. Waya ukaingia. Octave alichapa maneno aliyoandikiwa na Émérance kwenye mkono, kwa kidole kimoja, kama mtu anayechokonoa mwiba. Televisheni ikajaa mistari. Ilikuwa saa tano na nusu.

Jumapili, saa tisa alasiri: programu mpya imewekwa.

Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika ishirini na moja, asubuhi: akaunti *katibu* imeandika kwenye Njia.

"Katibu?" Dady alirudi nyuma mpaka akamkanyaga kuku. "Katibu si Mzee Mahamudu? Mimi mwenyewe nilishika jeneza!"

"Nyamaza kwanza."

"Wafu wanaandika, Inspekta!"

"Wafu wamechoka kama mimi, hawawezi kuandika. Nyamaza nisome."

Akasoma mistari iliyofuata. Akairudia. Kisha akanakili yote kwenye daftari, saa na dakika, akamwambia Dady atie sahihi kama shahidi. Chini ya mstari wa katibu kulikuwa na mistari mitatu mifupi ambayo Dady hakuitilia maana. Octave aliizungushia duara.

Kabla ya kuondoka alipita kasho. Émérance alisimama alipomwona uso.

"Akaunti ya Mzee Mahamudu. Juu ya nini haukuiondoa?"

"Siku ya maziko nilitaka kuiondoa. Familia ikakataa, Rais naye akakataa. Walisema, jina la mutu haliondolewe mbele ya arobaini, ni kama kutupa viatu vyake inje na udongo bado ni mubichi. Nikaiacha. Nilisema, marehemu ataandika nini?"

*

Nyumba ya marehemu ilikuwa nyuma ya msikiti. Mounira, binti wa katibu, alimwekea Octave kiti ukumbini, mbele ya mlango wenye pazia. Mama yake, Mwanvua, alikuwa edani: miezi minne na siku kumi hatoki, haonekani na mwanamume wa nje. Sauti ilitoka nyuma ya pazia, kavu kidogo.

"Karibu, baba. Umetoka njiani. Njia ya Kabambare iko namna gani?"

Watu wote humuuliza mgeni habari za nyumbani. Huyu aliuliza njia. Octave alijua basi, na kujua kwenyewe kulimchosha zaidi.

"Mama, telefone ya marehemu iko wapi?"

Pazia halikutikisika. "Niko nayo hapa mukononi."

"Ni wewe unaandika?"

"Miaka sita, baba. Macho ya muzee yalikufa mbele yake. Yeye anasema, mimi naandika. Kila Jumatatu kisha sala ya alfajiri. Alipokufa nikasikia pikipiki zinapita, nikasema, hawa watoto nani atawaambia? Atumani ananipigia, wapita njia wanapiga, wanafikiri Mounira njo anawapokea. Mimi siwezi kutoka. Lakini njia yote inaingia humu ndani."

"Na hili la Mulongoi, nani alikupigia?"

"Hakuna aliyepiga. Telefone ya Atumani imekufa. Ni Djamali alikuja mwenyewe, Jumapili, kunipa pole. Alikaa pale unakaa. Akasema: mama, tulia, ile kazi muzee aliilia mpaka kufa imekwisha. Mbao zimefika, daraja la Mulongoi limepigwa, hata wageni wa arobaini watapita juu yake."

"Alijua ni wewe unaandika?"

"Nani alijua? Hata Mounira hakujua. Nilifurahi, baba. Njo maana niliandika *bila wasiwasi*. Siandikaka vile. Andika jina langu. Yule dada wa mashine ana kosa gani?"

Mounira alikuwa amefunika uso kwa mtandio. Octave aliandika, akasoma kwa sauti, akapitisha daftari chini ya pazia. Likarudi na sahihi, herufi zimenyooka kama safu ya mihogo.

"Mama," alisema akisimama, goti likalia. "Wewe uliandika ulichoambiwa. Nitaandika hivyo hivyo. Bado ninamutafuta mutu mmoja tu: aliyejua si kweli, na asubuhi ilikuwa ingali mapema."

*

Saa saba na nusu. Kamyo ya Kindu ilikuwa imeshawashwa nje, inatetemeka na kutapika moshi. Djamali aliitwa kuhakikisha mashtaka yake. Komanda alikuwa na kalamu tayari. Émérance alisimama kando ya ukuta na kifurushi chake kidogo.

"Rais," alisema Octave. Alikuwa amekaa, kusimama kungemgharimu. "Swali dogo. Jumapili ulienda kumupa pole mama Mwanvua?"

"Ni desturi."

"Ukamuambia daraja limekwisha."

Djamali alimtazama komanda, akarudisha macho. "Neno la kumutuliza mujane. Mwanamuke yuko ndani, hatatoka miezi minne. Lingemufanyia nani ubaya? Wewe haujawahi kudanganya mufiwa?"

"Mara nyingi. Yeye njo anaandikaka matangazo ya Jumatatu. Kwa akaunti ya bwana yake."

Uso wa Djamali ulishuka, kama hema iliyong'olewa mti wa kati. Hata Octave alimwonea huruma kidogo. Duniani kote alichagua masikio mawili yaliyofungwa ndani, akayaambia uongo wake, kumbe hayo ndiyo mdomo wa njia nzima.

"Basi ni yeye," Djamali alisema taratibu. "Alhamdulillahi, ni yeye. Mimi sikujua. Nilikuwa na homa, nimelala mpaka saa tatu."

"Sasa tusome." Octave alifungua daftari. "Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika arobaini na nne: akaunti *rais* imejaribu kufuta tangazo la Mulongoi. Imekataliwa, haina ruhusa. Dakika arobaini na tano: *rais* amejaribu kufuta. Imekataliwa. Dakika arobaini na saba, tena. Imekataliwa."

Komanda aliacha kutafuna.

"Kwa programu ya zamani ungelifuta, na leo hakuna mutu angejua," Octave aliendelea. "Ulizoea kuwa mufalme. Haukujua Jumapili wamekata ufalme vipande."

"Njo hivyo!" Djamali alirukia hilo neno kama ngazi. "Munaona? Nilitaka kulitoa! Mashine yake ilinikatalia! Kama asingeigusa, Rachelle yuko muzima! Mimi ningefanya nini? Sikuwa na ruhusa!"

Kamyo nje ilipiga honi. Octave aligeuza karatasi, ingawa hakuwa na haja. Jibu la hilo alikuwa amelibeba kichwani tangu saa tano na nusu.

"Ruhusa ya kufuta haukuwa nayo," alisema. "Ruhusa ya kuandika ulikuwa nayo. Ile asubuhi yote. *Daraja bado, musipite.* Maneno matatu. Ramazani alitoka saa moja na nusu, Rais. Alifika Mulongoi saa tatu."

Octave alifunga daftari.

"Lakini ukiandika daraja bado, watu wangeuliza mbao za daraja ziko wapi. Na mimi leo nimekaa juu yake, kwa baraza ya duka lako, nimekunywa chai yako."

Djamali alishika kanzu, akaiachia. Alipokaa kwenye benchi alikaa kama mzee, na hakuna aliyemwambia akae.

Octave alichukua kalamu ya komanda, akakata jina moja kwenye karatasi ya Kindu, akaandika lingine. Saa ilikuwa saa nane kasoro dakika nne. Alimrudishia Émérance telefone yake.

"Nenda nyumbani, dada."

"Nitaenda kwa mashine kwanza," alisema Émérance. "Iko kitu sikukimaliza Jumapili."

Nusu saa baadaye Octave alikuwa amekaa kwenye ngazi za biro, sahani ya wali juu ya magoti, hana hata nguvu ya kuinua kijiko. Kwenye kibanda cha Dady watu walikuwa wakipiga kelele kwa sababu televisheni haijarudi. Telefone yake ikalia, na kila telefone barabarani ikalia pamoja nayo. Ilikuwa grupu ya Njia. Kwa mara ya kwanza tangu ifungwe, juu ya tangazo kulikuwa na jina la mtu:

*Mwanvua, mujane wa katibu: Daraja la Mulongoi limevunjika. Musipite. Jumatatu ni mimi niliandika.*